Memori Zilikuwa Nzima

Kaka yangu aliendesha lori la samaki kwa miaka kumi na minne. Alipakia sangara Karungu au Homa Bay, akawafunika kwa barafu, akawafikisha Nairobi macho yao yakiwa bado yanang'aa. Hakuacha kazi hiyo kwa kupenda. Mguu wake wa kushoto ulianza kuburuta unyayo, akawa anajikwaa mahali pasipo na kitu. Alinunua viatu vipya akidhani ni viatu. Kisha asubuhi moja, akiteremka kuelekea Rongo na lori tupu, alikanyaga klachi na mguu haukufika chini. Lori liliishia kwenye mtaro bila kumgusa mtu. Alilizima, akakaa ndani kwa muda, akampigia simu tajiri wake amtume dereva mwingine. Tajiri akauliza, wa siku ngapi? Kaka akamjibu, "Tuma wa kukaa."

Mimi ni mdogo wake kwa miaka mitano. Natengeneza kompyuta Suna, hapa Migori, katika chumba kilichobanana na duka la mbolea, kiasi kwamba wateja wangu huingia wakipiga chafya. Yeye anakaa Homa Bay mjini na mke wake, mwalimu wa shule ya msingi. Watoto wao wawili wako shule za bweni. Wifi yangu ni Msabato, na Jumamosi nyumba ile haiwashi hata redio, kwa hiyo nilizoea kuwatembelea Jumapili. Tulikuwa tukiongea Kijaluo. Hapa nayaweka maneno yetu kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa daktari wa mishipa ya fahamu huko Kisumu. Wifi alikuwa na mitihani ya darasa lake siku hiyo. Daktari alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, akamkwaruza nyayo, akamwambia akunje na kukunjua vidole, akatazama hadi ulimi. Halafu alituambia mambo mawili. La kwanza, kwamba udhaifu ukibaki mguuni huenda ni uti wa mgongo, na uti unaweza kufanyiwa jambo. La pili, kwamba ukihamia mikononi, basi ni ule ugonjwa mwingine, unaokula msuli mmoja baada ya mwingine hadi ile ya kumezea na ya kupumulia, na huo hauna dawa hapa wala ng'ambo.

"Angalieni mikono," alisema. "Rudini baada ya miezi sita, au mapema mkiona kitu."

Tulipotoka nje kaka yangu alisimama kwenye ngazi, akainua mikono yote miwili mbele ya uso wake, akaigeuza.

"Hii bado ni yangu," alisema. Kisha, "Mama watoto tumwambie lile la uti tu."

Nilikubali. Barua ya daktari aliikunja akaitia katika mfuko wa koti, na nikasahau kabisa kwamba wifi yangu ndiye anayefua makoti.

Ile kompyuta ya gemu nilikuwa nimemuunganishia mara tu alipoacha lori. Niliitengeneza kwa vipande vya mteja mmoja aliyehama mji: prosesa ya miaka mingi kidogo, bodi nzuri kuliko prosesa yenyewe, vipande viwili vya memori, na kadi ya picha iliyokuwa imepigwa vumbi hadi feni yake haizunguki. Usukani na kanyagio nilivipata mtumba. Gemu yenyewe ni ya kuendesha malori katika barabara za Ulaya. Unachukua mzigo bandarini, unaupeleka nchi nyingine, unaegesha, unalipwa pesa za gemu. Nilimzimia klachi, mguu wa kulia ukabaki na mafuta na breki.

Nilidhani ataicheza wiki mbili na kuichoka. Akaicheza kila siku. Alikuwa akinipigia simu kunieleza safari zake kama alivyokuwa akinieleza za Nairobi. Alinisimulia kwamba barabara za huko hazina matuta wala ng'ombe, na kwamba kizuizi hakuna hata kimoja. Alijifunza majina ya miji ambayo mimi hata sasa siwezi kuyatamka. Alichojivunia zaidi ni kurudi nyuma na trela, kuliingiza mahali pembamba bila kugusa. Wifi yangu alisema afadhali hivyo kuliko kumwona amekaa barazani akihesabu malori ya wengine yakipita.

Baada ya miezi kama minne gemu ilisasishwa, ikawa nzito. Akanipigia, akaniita nyamera, yaani dada, kama kawaida yake.

"Nyamera, mashine inachelewa. Nageuza usukani, lori linafikiri kwanza."

Nilipokwenda Jumapili hiyo nilifungua kile kidirisha kinachoonyesha kazi ya mashine. Prosesa ilikuwa imejaa hadi juu, haipumui. Picha ilikuwa ikikatikakatika kila alipoingia mjini. Nasema hivi kwa sababu baadaye nilijiuliza mara nyingi kama nilimdanganya tangu mwanzo. Sikumdanganya. Mashine ilikuwa inachelewa kweli. Nilimwonyesha, akafurahi sana kuona ile mistari, akamwita mkewe aje aitazame.

"Unaona?" alimwambia. "Nilisema ni mashine."

Wifi alitazama, akasema ndiyo, naona, akarudi jikoni.

Migori mjini kuna mwenye duka la vipuri vya kompyuta, Mwislamu aliyekuja kutoka Pwani zamani, ambaye Kiswahili chake hunifanya nijione mwanafunzi. Nilimweleza ninachotaka. Nilidhani nitanunua prosesa ya kisasa kabisa. Akatikisa kichwa.

"Hizo za sasa zataka bodi mpya, dada, na bodi mpya yataka memori za aina mpya. Na memori mwaka huu usiniulize bei yake. Wanaojenga zile mashine kubwa za akili bandia wamezinunua zote." Alichukua karatasi niliyoandika jina la bodi, akaisoma kwa mbali kama wazee wanavyosoma. "Bodi yake ni njema hii. Kuna prosesa moja, ndiyo ya mwisho kuingia katika tundu lile. Ina nguvu mara mbili ya aliyonayo. Memori zake mwachie zile zile. Yanini kutupa kitu kizima?"

Aliiagiza, ikafika baada ya siku tano. Nilikuwa nimeileta ile kompyuta dukani kwangu. Kwanza niliisasisha programu ya bodi kwa flashi, huku prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, kwa sababu ukitangulia kuitoa, bodi haitaitambua ile mpya. Kisha nikaondoa feni, nikapangusa ile dawa nyeupe ya kupoza iliyokuwa imekauka kama ukoko wa uji, nikainua kishikio, nikaitoa prosesa ya zamani na kuweka mpya. Memori nilizichomoa, nikazisugua meno yake kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa, nikazirudisha. Kazi yote haikufika saa moja. Nilibonyeza swichi na mashine ikawaka mara ya kwanza, jambo ambalo halinitokei sana. Ile prosesa ya zamani niliifunga kwenye sponji, nikaiweka kwenye droo.

Jumapili iliyofuata nilimrudishia. Alikuwa amenyoa ndevu, au amenyolewa. Sikuuliza. Alikaa, akafunga mkanda aliojitengenezea kiunoni ili asiteleze kitini, akashika usukani. Kwa dakika chache picha iliteleza vizuri. Halafu akafika kwenye mzunguko, akageuza, na trela likapanda ukingo.

"Bado," alisema.

Nilifungua kile kidirisha tena. Prosesa ilikuwa imetulia, haijafika hata nusu. Ila niliona kosa langu: memori zilikuwa zikienda kwa mwendo wa chini kabisa. Unapobadilisha prosesa, mipangilio ya bodi hurudi ya kiwandani, na memori zenye uwezo wa kukimbia zinabaki zikitembea. Ni jambo la kuingia na kubadilisha mstari mmoja. Nilikuwa nimelisahau.

Sijui kama nimewahi kufurahia kosa langu namna ile. Nilimweleza. Akacheka, akagonga meza kwa ngumi.

"Nilijua. Nyamera, nilijua kuna kitu."

Nilibadilisha, nikaiwasha upya, wifi akaleta chai. Kaka yangu akachukua mzigo mpya. Alipata barabara kuu, iliyonyooka, na kwa muda wa dakika kumi alikuwa anaendesha kama alivyoendesha zamani, kichwa kimelala kidogo upande wa kulia, akitafuna mdomo wa chini. Aliongea njia nzima. Akanieleza kuhusu mteremko fulani baada ya Narok ambao madereva wageni hukosea gia. Nilikunywa chai yangu na kujisikia mtu mwema.

Kisha akafika bandarini. Kulikuwa na lango jembamba na kona mbili za karibu. Aligeuza usukani kushoto kwa ile ya kwanza, na alipotakiwa kuurudisha kulia mkono wake wa kulia ulibaki nyuma. Sitaki kusema uliganda. Ulikuja, ila ulikuja umechelewa, kama mtu aliyeitwa akiwa chumba kingine. Lori likagonga nguzo ya lango. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akaigonga tena.

Wakati huo ndipo nilipoutazama mkono wenyewe. Kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali ambapo watu huwa na kinofu cha nyama, palikuwa pamebonyea. Palikuwa na shimo dogo, ngozi imelala juu yake. Nilitazama mkono wangu nilioshikia kikombe. Nikaangalia pembeni, dirishani, nikasoma tangazo la kanisa lililobandikwa ukutani kwa jirani hadi mwisho.

Aliomba kwenda haja. Wifi alikuja akamshika kwapa, wakatoka pamoja polepole. Nikakaa kwenye kiti chake. Nilishika usukani, nikarudisha lori nyuma, nikaukata kushoto, nikaurudisha kulia. Lori lilinitii pale pale, na mimi hata gari la kawaida siendeshi. Nikapita lango. Niliposikia hatua zao nililirudisha lori lilipokuwa, mbele ya nguzo, nikaondoka kitini.

Alikaa. Hakushika usukani mara moja.

"Ni memori," alisema.

"Memori?"

"Umeniwekea prosesa mpya, ukarudisha memori za zamani. Ni kama kufunga injini mpya kwenye lori na kuiacha giaboksi iliyochoka. Injini inavuta, giaboksi haipokei." Hakunitazama alipokuwa akisema. "Si ndiyo?"

Nimetengeneza kompyuta kwa miaka kumi na saba. Mtu akija na maneno kama hayo dukani namweleza taratibu kwa nini sivyo.

"Yawezekana," nilimwambia.

"Kazipime."

Nilizichomoa zote mbili, nikazifunga katika karatasi ya gazeti, nikarudi nazo Migori.

Jumatatu nilizipima. Kuna programu inayoandika na kusoma kila chembe ya memori, mara nyingi, kwa njia tofauti, ikitafuta mahali panaposahau. Niliiwasha asubuhi kwenye mashine yangu na kuiacha iende mchana kutwa, huku nikihudumia watu. Kila nilipopita nilitazama kiwambo. Nilikuwa natamani ione kosa. Kosa moja tu lingetosha. Mchana mteja aliniletea kipakatalishi kilichomwagiwa soda, nikakifungua nikiwa nimegeuka nusu, jicho moja kwenye kiwambo. Kufikia saa ya kufunga duka ilikuwa imezunguka mara nne, na kila mara imeandika kwamba hakuna kosa lolote.

Alinipigia jioni ile.

"Zinasemaje?"

"Bado zinapimwa," nilisema.

Nikakaa na uwongo huo hadi Alhamisi. Alhamisi nilikwenda kwa yule mwenye duka la vipuri, nikamwomba aniazime vipande viwili vya memori, aina ile ile ya zamani lakini vipya kutoka kwenye pakiti.

"Zako zina kosa gani?" aliuliza.

"Hazina kosa."

"Basi hizi wazitakia nini?"

"Nataka kumwonyesha mtu."

Mwenye duka akazitoa kwenye kabati la kioo, akazifunga vizuri, akanipa bila kuandika popote.

"Utanirejeshea utakapomaliza," alisema.

Jumamosi, nikipanga mkoba, nilifungua droo nikachukua ile prosesa ya zamani nayo. Niliitia mfukoni ikiwa bado katika sponji yake. Nilikuwa na mpango, na ni afadhali niuseme. Kama memori mpya zingeshindwa, na nilijua zingeshindwa, ningemwambia kwamba prosesa mpya ina hitilafu na ni lazima irudi ilikotoka. Ningemrejeshea ya zamani. Picha ingekatikakatika kama awali, na yeye angekuwa na mashine mbovu ya kulaumu. Nilifikiri hiyo ingempa miezi kadhaa. Nilifikiri ni zawadi.

Jumapili nilimkuta ameshakaa kitini, mkanda umefungwa. Niliweka memori mpya mbele ya macho yake. Alitaka kuzishika kwanza. Alizipokea kwa viganja viwili, akazitazama pande zote, akanirudishia. Nikazichomeka, nikahakikisha zinakwenda kwa mwendo wake wote, nikamwonyesha namba.

Aliendesha. Barabara kuu ilikuwa shwari. "Sasa iko sawa," alisema. "Unaiona? Sasa iko sawa." Akaiacha barabara kuu mapema, bila kulazimishwa na safari, akaingia mji mdogo uliojaa kona. Nadhani alitaka kujua siku hiyo hiyo. Kona ya kwanza alipita. Ya pili aligusa ukingo. Ya tatu mkono wa kulia uliteleza ukaanguka pajani, na lori likaenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa nyumba, likasimama hapo injini ikinguruma.

Aliutazama mkono pale pajani. Akauinua kwa mkono wa kushoto, akaurudisha kwenye usukani.

"Pengine ni prosesa yenyewe," nilisema. Nilijisikia nikiongea haraka. "Huwa zinatoka kiwandani na hitilafu. Nimekuja na ile ya zamani. Naweza kuirudisha kwanza, hii nikaipeleke ikabadilishwe."

Aligeuza kichwa akanitazama, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kunitazama machoni.

"Ukirudisha ile ya zamani, itachelewa," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nitasema ni mashine."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikaigusa ile sponji.

"Hapana, nyamera," alisema. "Zirudishe memori za watu. Izime."

Niliizima. Nje kuna mtu aliyekuwa akiuza dagaa wa omena, akipita na beseni na kuita nyumba kwa nyumba, na tulimsikia hadi alipofika mwisho wa mtaa. Kaka yangu aliniomba nimfungue mkanda. Nilipoufungua alisema tusimwambie mkewe bado, mpaka shule zifunge, ili asifundishe watoto wa watu akiwa na hilo kichwani. Nikasema sawa.

Nilipeleka vikombe jikoni. Wifi yangu alikuwa akichambua mboga ya osuga, amekaa kwenye kiti kifupi, beseni katikati ya miguu. Nilianza kuosha vikombe ili nisitazamane naye.

"Imekataa?" aliuliza.

"Mashine ina shida kidogo."

Aliendelea kuchambua. "Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati," alisema. "Ni miezi miwili sasa. Alianza kwa kuniambia tundu ni dogo. Nikayapanua matundu kwa wembe, mashati yote. Bado hakuweza. Basi tukawa tunasema ni mashati."

Niligeuka na kikombe mkononi, maji yakinitiririka hadi kwenye kiwiko.

"Unajua maana yake?" nilimuuliza.

"Barua ya daktari niliisoma siku ile ile mliyorudi. Ilikuwa kwenye koti." Alifuta mikono yake kwenye leso aliyojifunga. "Nilidhani wewe ndiye hujui, kwamba daktari alimwambia yeye peke yake. Nilikuona unavyohangaika na hiyo kompyuta nikasema, mwache, angalau mmoja wetu ana matumaini."

Hatukukumbatiana wala kulia. Aliniuliza kama nitakula kabla ya kuondoka, nikasema nitakula. Tulikula wote watatu. Kaka yangu alikula kwa kijiko, akiwa amekishika kwa ngumi kama mtoto, na hakuna aliyejifanya hajaona. Wifi yangu alimwambia tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba kesho atapiga simu Kisumu.

Safari hii tulikwenda wote. Daktari alimgonga, akamkwaruza, akamchoma sindano nyembamba zilizounganishwa na mashine iliyokuwa ikitoa mlio kama mvua ya mawe kwenye bati. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini alisema machache. Alitaja jina la ugonjwa, akaliandika kwenye karatasi ili tuweze kulisoma, akasema samahani. Kaka yangu alimuuliza swali moja, kama ulimi nao utakwenda. Daktari akasema ndiyo, kwa wengi huenda.

Memori za kuazima nilizirejesha kwa mwenyewe wiki hiyo. Zile za zamani nikazirudisha mahali pake kwenye mashine, kwa kuwa kaka yangu alisema mimi niendeshe na yeye atanielekeza. Kwa miezi kadhaa Jumapili zetu zilikuwa hivyo. Mimi usukanini, yeye pembeni katika kiti cha magurudumu, akiniambia punguza, sasa kata, kata mapema, umechelewa. Sikuwa mwanafunzi mzuri. Kurudi nyuma na trela sikujifunza kamwe. Nikigeuza kulia linakwenda kushoto, na alikuwa akikereka kikweli, kama mwalimu aliyelipwa, na hasira ile ilimfanya awe kaka yangu kwa saa moja au mbili.

Sauti ilianza kunenepa. Maneno yakawa yanatoka yamebebana. "Kata mapema" ikawa sauti moja ndefu, nikawa naielewa kwa kuwa naijua. Kisha yakaja maneno nisiyoyajua mapema, nikawa namuuliza mara mbili, mara tatu, na yeye anafunga macho. Lori linasimama katikati ya barabara ya watu wa Ulaya nikisubiri arudie. Jumapili moja niliponyoosha mkono kwenye swichi alitikisa kichwa. Nilidhani amechoka siku hiyo. Iliyofuata akatikisa tena.

Muda si mrefu kitanda cha kuinuka upande wa kichwa kikaletwa, na hakukuwa na mahali pa kukiweka ila pale palipokuwa na meza ya kompyuta. Wifi yangu aliniomba niichukue. Nilimuuliza kaka yangu. Aliinua nyusi, na siku hizi hivyo ndivyo anavyosema ndiyo. Nikafungua nyaya mbele yake, nikauondoa usukani mezani, nikaviingiza vyote kwenye maboksi. Hakutazama. Uso wake ulikuwa umeelekezwa ukutani na hawezi kuugeuza mwenyewe, kwa hiyo sijui kama alikataa kutazama au hatukumgeuza tu.

Mashine iko hapa dukani. Mwenye duka la vipuri alipita juzi kuniletea kibodi, akaitambua, akaigusa ubavuni.

"Yule mtu wako aendeleaje?" aliuliza.

"Yupo," nilisema.

Akaniambia kwamba memori sasa zimepanda hata hizi za aina ya zamani, na kwamba nikitaka kuiuza nisiiuze kwa haraka. Nikamshukuru.

Bado naenda kila Jumapili. Wifi yangu hulala kwa muda wa saa moja nikiwapo, kwa sababu usiku halali. Amenifundisha kumlisha kaka yangu: uji mzito usiokuwa na donge, kijiko kidogo, kidevu kiinamie kifua, usimpe cha pili mpaka uone koo limepanda na kushuka. Zamani kikombe kimoja kilichukua nusu saa. Sasa kinachukua saa nzima, na mara nyingi kinabaki nusu. Nikimuuliza kama ameshiba huinua nyusi. Namfuta mdomo, namwegemeza, nakaa naye hadi wifi aamke. Uji uliobaki naumwaga nje, kuku wa jirani wanaujua sasa, huanza kuja wakisikia mlango.